Dhanushkodi: Daraja Lilirudi kwa Siku 46, Mji Haujarudi Hadi Leo

Kusini-mashariki mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, kuna kisiwa cha Pamban, ambacho upande wake wa mashariki umerefuka na kuwa mkia mwembamba wa mchanga unaoelekea Sri Lanka. Karibu na ncha ya mkia huo ulikuwapo mji wa bandari ulioitwa Dhanushkodi, wenye stesheni ya reli, gati, ofisi ya forodha, posta, shule, kanisa na hekalu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba 1964 kimbunga kiliupiga mji huo, kikaua watu wengi na kuacha kuta chache zimesimama. Miaka 60 na zaidi imepita na mji haujajengwa tena. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba bahari ya hapo ni kali mno kwa makazi ya binadamu, na hakika serikali yenyewe ilitamka hivyo. Ninavyoona mimi, maelezo hayo yanatosheleza nusu tu ya kisa. Bahari iliubomoa mji, hilo halina ubishi. Kilichouzuia kurudi ni kwamba kazi iliyokuwa imeuzaa ilihamishiwa mahali pengine, na baada ya hapo hakubaki mwenye uwezo ambaye alikuwa na haja nao.

Ili kuona hoja hiyo ni lazima kuanza na umbo la mahali penyewe. Kisiwa cha Pamban kimetenganishwa na bara kwa mlango mwembamba wa bahari, na mji wake mkubwa ni Rameswaram, ambao ni miongoni mwa vituo vikuu vya hija kwa Wahindu. Kutoka Rameswaram hadi Dhanushkodi ni mwendo wa kilomita 18 hivi, na kadiri mtu anavyosogea mashariki ndivyo ardhi inavyozidi kupungua upana. Mwishoni, msafiri anaona maji kulia na kushoto kwa wakati mmoja: upande wa kaskazini ni Ghuba ya Palk, yenye kina kifupi na maji yaliyotulia kwa sehemu kubwa ya mwaka, na upande wa kusini ni Ghuba ya Mannar, yenye mawimbi na maji marefu zaidi. Hakuna mwamba wa kushika nyumba, hakuna kilima cha kukimbilia. Mbele ya ncha hiyo mafungu ya mchanga na miamba ya maji mafupi yanaendelea kwa mlolongo hadi kisiwa cha Mannar kilichoko Sri Lanka. Wahindu huuita mlolongo huo daraja la Rama, kwa imani kwamba ndilo alilovukia mungu wao Rama kwenda Lanka kumrudisha mkewe Sita, na ramani za Kizungu ziliuita daraja la Adamu. Kwa sababu hiyo, muda mrefu kabla ya reli kufika, mahujaji walikuwa wakija hapa kuoga katika maji ya bahari mbili, na wapo wanaoamini kwamba hija ya Kashi, yaani mji mtakatifu wa Varanasi, haijakamilika mpaka mtu aoge Dhanushkodi.

Hata hivyo, mahujaji hawakuujenga mji. Walikuja, wakaoga, wakarudi Rameswaram kulala. Mji ulijengwa na reli, na tarehe yake inajulikana: 24 Februari 1914, siku lilipofunguliwa daraja la reli la Pamban lenye urefu wa kilomita 2 na kidogo, likaunganisha kisiwa na bara. Kabla ya mwaka huo, abiria wa jiji la Madras, Chennai ya leo, aliyetaka kwenda Colombo alipanda treni hadi bandari ya Tuticorin, kisha akalala usiku mzima baharini. Kulikuwa na wazo la kujenga reli moja kwa moja juu ya mafungu ya mchanga hadi Ceylon, kama Sri Lanka ilivyoitwa wakati huo, lakini gharama ilikuwa kubwa mno, ndipo wakoloni Waingereza wakachagua njia ya kati: reli hadi ncha ya India, meli ya mvuke kwa kilomita 35 hivi hadi Talaimannar, kisha reli tena hadi Colombo. Tiketi moja ilimfikisha msafiri mwisho wa safari. Treni hiyo iliitwa Boat Mail, na reli yenyewe ilikuwa ya upana wa mita moja, sawa na ile ambayo vibarua kutoka India walikuwa wameijenga miaka michache kabla kutoka Mombasa hadi Kisumu.

Dhanushkodi basi ulikuwa mji wa kubadilishia usafiri. Treni iliingia hadi karibu na gati, abiria akashuka, mizigo yake ikakaguliwa na forodha, karatasi zake zikatazamwa, naye akapanda meli iliyokuwa ikimsubiri. Kila kilichokuwa pale kilisimama kwa ajili ya saa hizo chache za kupita: nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba za wageni, maduka, hospitali ndogo, tangi la maji la kujaza injini. Samaki, nguo na vyakula vilivuka kwenda Ceylon, na bidhaa nyingine zikarudi. Kundi kubwa zaidi la watu waliopita njia hiyo lilikuwa la vibarua wa Kitamil waliokuwa wakienda kufanya kazi katika mashamba ya chai na mpira ya Ceylon. Hao hawakusafiri kwa raha ya abiria wa daraja la kwanza. Walipitishwa kwanza katika kambi ya Mandapam, upande wa bara, wakawekwa karantini na kukaguliwa afya kabla ya kuruhusiwa kuvuka.

Naisisitiza sehemu hii kwa sababu ndiyo inayopuuzwa zaidi katika masimulizi ya Dhanushkodi. Wengi huusimulia mji kana kwamba ulikuwa kijiji cha kale cha pwani kilichokua polepole kwa karne nyingi, kikachukuliwa na maji. Sivyo. Maisha yake kama mji yalidumu miaka 50 na miezi 10. Sehemu kubwa ya majengo yake ya maana yalikuwa ya serikali na ya reli, na wengi wa wakazi wake walikuwa watumishi waliopangiwa kazi pale au wafanyabiashara waliofuata abiria. Wavuvi walikuwapo, tena kabla ya wote, lakini mji haukuwa wao.

Mwaka 1964 kazi hiyo ya kuvusha watu ilikuwa tayari imeingia katika mabadiliko makubwa. Ceylon ilipopata uhuru mwaka 1948 ilitunga sheria ya uraia iliyowaacha Watamil wa mashambani, wale waliopitia Mandapam na Dhanushkodi pamoja na watoto wao, bila uraia wowote. Tarehe 30 Oktoba 1964 Waziri Mkuu wa Ceylon, Sirimavo Bandaranaike, na mwenzake wa India, Lal Bahadur Shastri, walitia saini mkataba wa kugawana watu hao: India ikubali kuwachukua 525,000, Ceylon iwape uraia 300,000, na hatima ya 150,000 waliobaki iamuliwe baadaye. Maana yake ni kwamba njia iliyowapeleka vibarua kwa nusu karne ingetakiwa kuwarudisha. Kimbunga kilifika kabla ya miezi miwili kutimia.

Kilianza kama eneo la mgandamizo mdogo wa hewa kusini mwa Bahari ya Andaman tarehe 17 Desemba. Msimu huo upepo wa kaskazini, huu huu ambao wa pwani ya Afrika Mashariki huuita kaskazi, ndio unaotawala, na Ghuba ya Bengal huwa bado na joto la kutosha kulisha vimbunga. Kufikia tarehe 19 kilikuwa kimepata nguvu ya kimbunga kikali, na badala ya kupinda kuelekea kaskazini, kama vimbunga vingi vya ghuba hiyo vinavyofanya, kilisonga magharibi karibu kwa mstari ulionyooka, kikapita kaskazini mwa Ceylon karibu na Vavuniya tarehe 22, kisha kikaingia katika mlango wa Palk. Kasi ya upepo inakadiriwa kufikia kilomita 280 kwa saa. Hata hivyo, upepo peke yake usingeufuta mji. Kilichoua zaidi ni maji: bahari iliinuliwa na kusukumwa juu ya ule mkia wa mchanga kwa mawimbi yanayokadiriwa kufikia mita 7, na mahali ambapo sehemu ya juu kabisa ya ardhi iko mita chache tu juu ya maji, hesabu yake haihitaji mtaalamu.

Usiku huo, dakika 5 kabla ya saa sita, treni ya abiria namba 653 iliondoka stesheni ya Pamban kwenda Dhanushkodi ikiwa na mabehewa 6. Hesabu rasmi ni abiria 110 na wafanyakazi 5 wa reli. Inasimuliwa kwamba treni ilipokaribia Dhanushkodi taa ya ishara ilikuwa imezimika, dereva akasimama gizani, akapiga honi, hakuna aliyejibu, na baada ya kusubiri akaamua kusogea mbele. Wimbi liliikuta treni nzima na kuizamisha. Hakuna aliyenusurika. Wapo wanaodai kwamba waliokufa ni wengi kuliko 115 kwa sababu wasafiri wasio na tiketi hawakuhesabiwa, jambo linaloaminika kwa yeyote anayejua treni za vijijini zinavyojaa. Nyaya za simu zilikuwa zimekatika, njia ya reli imeng'olewa, na ilichukua takriban saa 48 kabla makao makuu ya reli hayajaweza kutoa taarifa ya kilichotokea. Kwa jumla, pande zote mbili za mlango wa bahari, idadi ya waliokufa inakadiriwa kuwa karibu watu 1,800.

Kimbunga hicho hicho kiliharibu pia daraja la Pamban. Daraja lilikuwa na mihimili ya chuma 145, na zaidi ya 120 kati yake ilichukuliwa na maji. Kile kipande cha katikati kinachofunguka ili kupisha meli kilibaki kimesimama, na nguzo nyingi zilibaki pia, lakini kisiwa kilikuwa kimekatika kutoka bara, na Rameswaram, yenye hekalu na maelfu ya mahujaji wake, ikawa haina njia ya reli. Shirika la reli lilipanga daraja litengenezwe kwa miezi 6. Mkuu wa reli wa eneo hilo akaupunguza muda huo hadi miezi 3. Kazi akakabidhiwa mhandisi kijana wa miaka 32, E. Sreedharan, ambaye badala ya kusubiri mihimili mipya itengenezwe viwandani alitafuta ile ya zamani chini ya bahari, akaiopoa na kuirudisha juu ya nguzo zake. Daraja lilikamilika kwa siku 46. Sreedharan baadaye aliongoza ujenzi wa reli ya Konkan na ile ya jiji la Delhi, na hadi leo kazi ya Pamban hutajwa kama mwanzo wa sifa yake.

Hapa ndipo kisa kinapodai kuchambuliwa. Dola ile ile, katika majira yale yale, ilikuwa na mafundi, fedha na ari ya kuopoa vyuma baharini na kurudisha daraja la kilomita 2 kwa muda usiofika miezi miwili. Ila reli ya kutoka Pamban hadi Dhanushkodi, ambayo ilikuwa juu ya mchanga mkavu na haikuhitaji daraja la namna hiyo, iliachwa. Serikali ya jimbo la Madras, kama Tamil Nadu ilivyoitwa wakati huo, iliutangaza mji kuwa hauwafai watu kuishi. Baada ya muda meli ya kwenda Talaimannar ilirudi, lakini sasa iliondokea Rameswaram. Warejea wa mkataba wa 1964 waliletwa kwa njia hiyo, wakashukia Rameswaram na kupelekwa kambi ya Mandapam, wengi wao wakiwa hawajawahi kuiona India maishani. Treni ya Boat Mail nayo iliendelea kutoka Madras hadi Rameswaram, na jina lake halijabadilika mpaka sasa ingawa hakuna meli inayoisubiri.

Kwa maneno mengine, kila kazi iliyokuwa ikifanywa Dhanushkodi iliendelea kufanywa, kilomita 18 nyuma yake. Daraja lilirudi haraka kwa sababu Rameswaram ilikuwa ikilihitaji. Dhanushkodi haikurudi kwa sababu Rameswaram iliweza kuifanya kazi yake.

Wapo watakaopinga kwamba uamuzi huo ulikuwa wa busara tu, kwamba hakuna serikali yenye akili ambayo ingejenga tena juu ya mkia wa mchanga baada ya msiba kama ule. Hoja hiyo ina uzito. Kuna hata maandishi ya wanajiolojia yanayoeleza kwamba sehemu ya kusini ya Dhanushkodi, inayotazama Ghuba ya Mannar, ilikuwa imeanza kuzama mwishoni mwa miaka ya 1940, kabisa kabla ya kimbunga. Mtu aliyeamua mwaka 1965 kutorudisha gati na stesheni pale hakukosea. Lakini ukali wa bahari peke yake hauelezi ni miji ipi inarudi na ipi hairudi. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliipiga pwani ya Tamil Nadu, na wilaya ya Nagapattinam, kaskazini mwa hapa, ikapoteza zaidi ya watu 6,000, idadi inayopita mara nyingi ile ya Dhanushkodi. Hakuna aliyeitangaza Nagapattinam kuwa haifai kwa makazi. Nyumba zilijengwa upya, nyingine zikasogezwa mbali kidogo na ufuo, bandari ya uvuvi ikarudishwa, kwa sababu pale kulikuwa na makumi ya maelfu ya watu wenye mashua, masoko na kura, ambao riziki yao isingeweza kuhamishwa kwa barua ya ofisi. Watumishi wa Dhanushkodi waliosalia walihamishika. Mtumishi wa reli hupangiwa kituo kingine, naye huenda.

Wasiohamishika walikuwa wavuvi, na hao ndio waliorudi. Walirudi kimyakimya, bila tangazo wala ruhusa, wakajenga vibanda vya makuti na mbao kando ya magofu, na wengi wao wakaishi kwa miongo mingi bila umeme. Chombo chao cha asili cha kuvulia ufukweni ni juya kubwa linalotandazwa kwa mashua katika nusu duara, kisha kundi la watu pande mbili wanalivuta kwa kamba hadi nchi kavu, wakisogea hatua kwa hatua huku wakiimba ili nguvu ziende pamoja. Mvuvi wa Bagamoyo au wa Kipini akiliona hatahitaji kufafanuliwa.

Maji ya kunywa wanayapata kwa njia inayostahili kuelezwa kwa utulivu, maana inasaidia kuelewa jinsi binadamu anavyoweza kukaa mahali palipotangazwa kuwa hapakaliki. Mwanamke anachimba shimo mchangani, mita chache tu kutoka kwenye maji ya chumvi, na kabla hajafika kina cha kifua maji baridi yanaanza kuchuruzika. Anayateka taratibu kwa kata au kifuu cha nazi, anamimina katika ndoo kupitia kitambaa, anasubiri shimo lijae, anateka tena. Maji hayo ni ya mvua iliyozama mchangani na kuelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Akiteka kwa pupa, chumvi inapanda na shimo linaharibika. Hayo ni maarifa ya watu wa pale, na hakuna idara iliyoyaweka katika tathmini yake ilipoandika kwamba mji haufai.

Uvuvi wenyewe umezidi kuwa mgumu kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1974 India na Sri Lanka zilikubaliana mpaka wa majini katika eneo hili, na kisiwa kidogo cha Kachchatheevu kikawa upande wa Sri Lanka. Mkataba wa 1976 ukaendelea kuchora mstari huo katika Ghuba ya Mannar. Tangu hapo bahari ambayo kwa wavuvi wa pande mbili ilikuwa moja imekuwa na mstari usioonekana, na wavuvi wa Rameswaram hukamatwa na jeshi la majini la Sri Lanka mara kwa mara, vyombo vyao vikizuiliwa. Si haki kuisimulia habari hiyo kwa upande mmoja tu. Meli za India zinazokokota nyavu sakafuni mwa bahari zimeharibu mazalio ya samaki, na wanaoumia zaidi ni Watamil wenzao wa kaskazini mwa Sri Lanka, ambao walikaa nchi kavu miaka yote ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na sasa wanarudi baharini kukuta nyavu zao zimekatwa. Sri Lanka ilipiga marufuku uvuvi huo wa kukokota mwaka 2017. Wavuvi wadogo wa Dhanushkodi, wenye juya na mashua ndogo, wako katikati: hawana meli hizo, lakini wanavua katika maji yale yale yaliyokwisha kokotwa.

Vita hivyo vya Sri Lanka, vilivyoanza mwaka 1983, ndivyo vilivyoifunga pia meli ya Rameswaram na Talaimannar katika miaka ya 1980. Njia rasmi ikafa na njia ya magendo ikafunguka: wakimbizi walivuka usiku kwa mashua, wakashushwa kwenye mafungu ya mchanga mbele ya ncha ya Dhanushkodi, na kutoka hapo wakachukuliwa hadi Mandapam, kambi ile ile ambayo babu zao huenda walipitia wakielekea upande wa pili. Jambo hilo lilijirudia Machi 2022, uchumi wa Sri Lanka ulipoporomoka na familia za Watamil zikaanza kuvuka tena kukimbia njaa na bei ya vyakula. Kundi la kwanza la siku hizo liliokolewa na walinzi wa pwani wa India kutoka kwenye fungu la mchanga karibu na ncha. Serikali ilishauondoa mji katika orodha ya vituo vyake vya kuvukia, ila watu wenye shida hawakuusahau upungufu wa kilomita uliowafanya Waingereza waichague sehemu hiyo mwaka 1914.

Kwa miaka mingi mgeni aliyetaka kuona magofu alipakiwa katika gari dogo la magurudumu makubwa lililopita mchangani na majini kutoka Mukundarayar Chathiram, mahali lami ilipoishia. Julai 2017 ilifunguliwa barabara mpya ya kilomita 9 na nusu kutoka hapo hadi Arichalmunai, ambayo ndiyo ncha yenyewe. Sasa magari na mabasi yanafika kwa mamia, hasa siku za sikukuu. Watu wanapiga picha mbele ya kanisa, ambalo kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe kama nyumba za kale za Lamu na Kilwa, na zimeliwa na hewa ya chumvi kwa namna ile ile. Tangi la maji la stesheni bado linaonekana. Kando ya barabara wanawake wa wavuvi wanauza kombe, shanga na samaki wa kukaanga. Ni kipato, na si haki kukibeza, lakini ni kipato kinachoisha jua linapozama, kwa sababu wageni hawaruhusiwi kulala huko.

Pamoja na barabara kumekuja ahadi ya reli. Tarehe 1 Machi 2019 Waziri Mkuu Narendra Modi aliweka jiwe la msingi la kurudisha njia ya Rameswaram hadi Dhanushkodi, ya urefu wa kilomita 17 na kidogo. Hakuna treni iliyofika. Katika kipindi hicho hicho, daraja la zamani la Pamban lilisimamishwa kupitisha treni Desemba 2022 kwa sababu ya kuchakaa, na mrithi wake, lenye kipande cha katikati cha mita 72 na nusu kinachoinuliwa wima kama lifti ili kupisha meli, likafunguliwa tarehe 6 Aprili 2025. Mpangilio wa mwaka 1965 ukajirudia bila mtu kuukusudia: daraja limejengwa, mkia umesubiri.

Sioni kosa katika kusubiri huko. Njia ya reli ya mwaka 1914 ilikwenda Dhanushkodi kwa kuwa ilikuwa na meli ya kuifuata, na bila meli itabeba watalii wale wale wanaoletwa tayari na barabara, juu ya ardhi ambayo inaendelea kuliwa na maji. Serikali ya Tamil Nadu yenyewe imeelekea upande mwingine: Juni 2025 ilitangaza zaidi ya hekta 500 za eneo hilo kuwa hifadhi ya ndege aina ya heroe, ambao hutua katika maji mafupi ya pale wakati wa msimu wao. Uamuzi huo unaweza kuwa mzuri kwa ndege na kwa ufuo. Kinachobaki bila jibu ni hali ya wavuvi, ambao wameishi zaidi ya nusu karne katika mji usiotambuliwa, na ambao sasa watakuwa jirani wa hifadhi yenye mipaka na walinzi.

Kuhusu meli, tayari imerudi, ila imerudi kwa njia inayothibitisha hoja ya awali. Oktoba 2023 India na Sri Lanka zilizindua upya usafiri wa abiria baharini. Meli hiyo inaondokea Nagapattinam, mji uliopigwa na tsunami na kujengwa tena, na kutia nanga Kankesanthurai, kaskazini mwa Sri Lanka. Serikali hizo mbili zimekubaliana pia kufufua njia fupi ya zamani kwenda Talaimannar, na mahali palipotajwa kuwa upande wa India wa njia hiyo ni Rameswaram.